Wimbledon 2025: Alcaraz yuko mbele, lakini kipigo cha Halle kisiwadanganye kuhusu Sinner

Tarehe 4 Juni, kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros jijini Paris, Jannik Sinner alimchapa Alexander Bublik 6-1, 7-5, 6-0 katika robo fainali. Siku 15 baadaye wawili haohao walikutana tena Halle, Ujerumani, safari hii juu ya nyasi, na Bublik akashinda 3-6, 6-3, 6-4. Mchezaji huyo wa Kazakhstan aliendelea hadi akabeba kombe lenyewe kwa kumfunga Daniil Medvedev 6-3, 7-6 kwenye fainali. Ndani ya wiki mbili hakuna mtu anayesahau kucheza tenisi, wala anayejifunza upya. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa chini ya viatu vyao.

Naandika haya Jumapili tarehe 29 Juni 2025; Wimbledon inaanza kesho, Jumatatu tarehe 30 Juni. Tangu matokeo yale ya Halle, mazungumzo yameelekea upande mmoja: Carlos Alcaraz hazuiliki, Sinner ameyumba, basi kombe lina mwenyewe. Hoja ya kwanza ina ushahidi wa kutosha. Ya pili inatokana na kusoma matokeo ya mashindano ya kujipasha bila kuangalia mechi zilichezwaje, na bila kujiuliza nyasi zinadai nini wiki ya kwanza na zinadai nini wiki ya pili. Hayo ni madai mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza utabiri wowote wa kombe hili.

Tuanze na nyasi zenyewe. Hadi mwaka 2000 viwanja vya All England Club, klabu inayoandaa Wimbledon, vilipandwa mchanganyiko: asilimia 70 nyasi aina ya rai na asilimia 30 aina ya feski. Tangu 2001 ni rai tupu, inayokatwa hadi kimo cha milimita 8 wakati wa mashindano. Rai inastahimili kukanyagwa kuliko feski, na udongo ulio chini yake hukaa mgumu zaidi. Matokeo yake mpira unadunda juu kidogo na kwa namna inayotabirika kuliko ulivyodunda enzi za Pete Sampras. Ndiyo maana leo mtu anaweza kutwaa Wimbledon akicheza sehemu kubwa ya mechi akiwa kwenye mstari wa nyuma, jambo ambalo zamani lilikuwa nadra.

Hata hivyo nyasi zimebaki nyasi. Mpira unapotua juu ya majani haupati msuguano kama ule wa udongo. Unateleza mbele na mwendo wake karibu wote, halafu unainuka kidogo tu. Mpira uliozungushwa kwa nguvu kwa juu, ambao Paris ungeruka hadi begani, hapa unafika kiunoni. Uliokatwa kwa chini unabaki kwenye vifundo vya miguu. Mpokeaji anapungukiwa muda, na anapungukiwa urefu wa mpira. Kwa hiyo mwenye pigo refu, anayevuta raketi nyuma sana kabla ya kupiga, hujikuta anachelewa. Mwenye pigo fupi na magoti yanayokunjika vizuri hujikuta nyumbani.

Suala la pili ni miguu. Wiki ya kwanza majani bado ni mabichi na yana maji ndani yake. Ukiyakanyaga kwa pembe yanateleza kama ganda la ndizi. Kwenye udongo mchezaji huserereka kuelekea mpira na kupiga akiwa bado anaserereka. Hapa anayefanya hivyo siku tatu za mwanzo anahatarisha nyonga na goti. Dawa yake ni hatua fupi nyingi, kiuno chini, na kugeuka kwa hatua mbili badala ya moja. Hali huwa mbaya zaidi paa la Uwanja Mkuu au la Uwanja Namba 1 linapofungwa, maana unyevunyevu hunaswa ndani na majani hulowa upya.

Ikifika wiki ya pili, sehemu ya nyuma ya uwanja imeshaparuzwa hadi udongo unaonekana. Miguu inashika na mpira unadunda juu zaidi. Hapo mchezo unasogea kuelekea ule wa viwanja vigumu. England imekuwa na joto kali mwishoni mwa Juni hii, na joto huharakisha kazi hiyo: udongo unakauka na kuwa mgumu mapema, na mipira inakuwa na uhai zaidi hewani. Kwa mtu kama Sinner, aliyetwaa Australian Open miaka miwili mfululizo kwenye viwanja vigumu, kila siku ya jua kali inayopita akiwa bado mashindanoni ni faida yake.

Sasa tumtazame Alcaraz. Mhispania huyu wa miaka 22 anaingia akiwa bingwa mtetezi mara mbili, 2023 na 2024, na akiwa ameshinda mechi 18 mfululizo: sita za Roma, saba za Roland Garros na tano za Queen's, shindano la nyasi la London la kujipasha kwa Wimbledon. Kwenye nyasi pekee ameshinda mechi 29 na kupoteza 3 katika maisha yake yote ya kulipwa. Wimbledon amefungwa mara mbili tu, na Medvedev mwaka 2021 na Sinner mwaka 2022. Akishinda tena atakuwa mwanamume wa tano tangu 1968 kutwaa kombe hili mara tatu mfululizo, baada ya Björn Borg, Sampras, Roger Federer na Novak Djokovic.

Kinachostahili kuangaliwa kwake kuliko takwimu hizo ni sevu, yaani ule mpira wa kuanzishia pointi. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa sehemu yake ya kawaida kuliko zote. Mwanzoni mwa mwaka huu aliingia Australian Open, Melbourne, na mtindo mpya wa kupiga, mkono ukienda kwa mfululizo mmoja bila kusita katikati, na raketi iliyoongezwa uzito wa gramu tano. Mavuno yalionekana Queen's tarehe 22 Juni: dhidi ya Jiri Lehecka kwenye fainali aliyoshinda 7-5, 6-7, 6-2, alipiga eisi 18, sevu ambazo mpinzani hakuzigusa. Hajawahi kupiga nyingi hivyo kwenye mechi ya seti tatu. Mtu ambaye tayari alikuwa na miguu bora kuliko wote kwenye nyasi akiongezewa pointi za bure kiasi hicho, hesabu ya wapinzani inakuwa ngumu.

Lakini wiki hiyohiyo ya Queen's ilionyesha pia mahali anapovuja. Raundi ya pili alihitaji zaidi ya saa tatu kumtoa Jaume Munar, 6-4, 6-7, 7-5, baada ya kukosa kufunga mechi katika seti ya pili. Huo ndio ugonjwa wa Alcaraz unaojirudia: umakini unampotea kwa gemu tatu au nne, anaanza kutafuta mapigo ya kupendeza mahali ambapo pigo la kawaida lingetosha. Kwenye udongo gemu tatu mbaya zinafidika, maana kule sevu huvunjwa mara kwa mara, yaani anayeanzisha hupoteza gemu yake. Kwenye nyasi kuvunjwa mara moja mara nyingi ndiyo seti imekwenda. Amekuwa akiokolewa na urefu wa mechi za seti tano, ambazo mshindi ni wa kwanza kufikisha seti tatu, pamoja na moyo wa pekee pointi zinapokuwa nzito. Ni silaha ya kweli, ila mtu asiitumie kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili nzima.

Halafu Sinner. Mwitaliano huyu yuko namba moja duniani tangu Juni 2024. Mwaka huu alifungiwa miezi mitatu, Februari 9 hadi Mei 4, kwa kesi ya klostebol, dawa iliyopigwa marufuku michezoni. Tangu arudi amecheza mashindano matatu: fainali Roma, fainali Paris, raundi ya pili Halle. Zote alizofika fainali alifungwa na Alcaraz. Ile ya Paris, tarehe 8 Juni, itasimuliwa muda mrefu: aliongoza seti mbili kwa sifuri, akawa na pointi tatu za ubingwa akiwa mbele 5-3 katika seti ya nne, na bado akapoteza baada ya saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya Roland Garros. Alcaraz amemshinda mara tano mfululizo sasa, na kwa jumla anaongoza 8-4.

Hapa ndipo inafaa kusimama na kuangalia takwimu moja ya mechi ile. Sinner alipata pointi 193, Alcaraz 192. Mtu aliyekaa nje miezi mitatu, kwenye aina ya uwanja asiyoipenda kuliko zote, dhidi ya mfalme wa uwanja huo, alipata pointi nyingi zaidi yake. Kilichomwangusha ni kugawanyika kwa pointi hizo: taibreki (gemu za kuamua seti inapofika 6-6) za seti ya nne na ya tano zote zilikwenda upande wa pili, ile ya mwisho kwa 10-2. Miguu ilikuwa imeisha. Sinner hajawahi kushinda mechi iliyozidi saa nne, na huo ni udhaifu halisi ambao hakuna haja ya kuuficha. Ila mechi za nyasi kwa kawaida huwa fupi. Pointi zinaisha baada ya mapigo matatu au manne, na hata mechi ya seti nne mara nyingi haifiki saa tatu na nusu. Udhaifu uliomgharimu Paris una nafasi ndogo zaidi ya kujitokeza London.

Na Halle? Siku 11 tu zilikuwa zimepita tangu fainali ile. Alikuja kutetea kombe alilolitwaa mwaka 2024, akakuta mbele yake mtu mwenye sevu kubwa, dropu ambazo zinaanguka jirani na wavu karibu bila kudunda, na tabia ya kubadilisha mwendo wa mchezo kila pointi. Bublik alikuwa ameshatwaa Halle mwaka 2023. Kwenye udongo Sinner alikuwa na muda wa kusoma ujanja ule na kufika. Kwenye nyasi muda ule haupo, na mpira mfupi unakufa. Ni kweli kipigo kile kilikatisha ushindi wa mechi 66 mfululizo dhidi ya wachezaji walio nje ya 20 bora. Lakini kilikuwa mchezo wa seti tatu, ambao mbili zinatosha kushinda, na Sinner alivunjwa katika nyakati chache tu. Wimbledon ni seti tano. Mtu wa kubahatisha anahitaji kubahatisha kwa saa tatu mfululizo ili amtoe, na walioweza hilo dhidi ya Sinner ni wachache.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kumhusu halimo uwanjani. Siku chache kabla ya mashindano aliachana na Marco Panichi, aliyesimamia mazoezi yake ya viungo, na Ulises Badio, mtaalamu wake wa tibamaungo. Mchezaji hubadilisha watu hao Desemba, akiwa na wiki nne za kujenga mwili upya. Kuwabadilisha mkesha wa mechi saba za seti tano ni jambo zito, kwa sababu mtaalamu wa tibamaungo ndiye anayejua usiku kucha msuli gani umekaza na ufanyiwe nini ili asubuhi mtu aweze kukimbia. Atakayetaka kujua hali ya Sinner asiangalie matokeo ya raundi ya kwanza dhidi ya Luca Nardi. Aangalie anavyotembea raundi ya tatu na ya nne.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika. Alcaraz na Sinner wamekutana mara moja tu kwenye nyasi, raundi ya nne ya Wimbledon 2022, na Sinner alishinda kwa seti tatu kwa moja. Wote wawili wamebadilika sana tangu wakati ule, kwa hiyo mechi hiyo si kipimo cha leo. Bado inakumbusha sababu ya kiufundi: Sinner anapiga mpira ulionyooka, wenye nguvu na mzunguko mdogo kuliko wa Alcaraz, na mpira wa namna hiyo ukikutana na majani unateleza vizuri mno. Ule mzunguko wa juu wa Alcaraz, unaomsukuma Sinner nyuma ya mstari kule Roma na Paris, hapa unamfikia kwenye kimo anachokipenda, kati ya goti na kiuno.

Wa tatu kwa nafasi, kwa maoni yangu, ni Novak Djokovic, ingawa amepangwa namba sita. Ana miaka 38. Makombe yake hapa ni saba, ameshinda mechi 97 kwenye viwanja hivi, na fainali sita za mwisho za Wimbledon zote zilikuwa na jina lake: alishinda 2018, 2019, 2021 na 2022, akafungwa na Alcaraz 2023 na 2024. (Mwaka 2020 mashindano hayakufanyika kwa sababu ya korona.) Ile ya 2024 aliifikia wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Mwezi uliopita alitwaa Geneva, taji lake la 100, na Paris akafika nusu fainali kabla ya Sinner kumtoa 6-4, 7-5, 7-6.

Sababu ya Djokovic kudumu hapa kuliko kwingine ni ya kimazingira. Pointi fupi zinahifadhi mapafu ya mtu mzima. Urudishaji wake wa sevu, mfupi na wa kuzuia, haumhitaji kurudi nyuma. Na ni miongoni mwa wachache sana wanaojua kuserereka kwenye nyasi bila kuanguka, ustadi alioujenga kwa miaka 20. Hakucheza shindano lolote la kujipasha mwaka huu, kama ilivyo desturi yake ya miaka ya karibuni. Tatizo lake ni kufunga mlolongo: amefungwa na Sinner mara nne za mwisho walizokutana, na droo imewaweka upande mmoja, wakiweza kukutana nusu fainali. Hapa Wimbledon, hata hivyo, Djokovic amemshinda mara mbili kati ya mbili, 2022 akitokea nyuma seti mbili, na tena 2023. Akifika nusu fainali akiwa hajachoka, mechi hiyo iko wazi. Kushinda hiyo kisha kumshinda Alcaraz siku mbili baadaye ndilo naliona kuwa zito mno kwa mwili wake.

Nani mwingine? Waingereza watamtaja Jack Draper kwanza, na nafasi ya nne aliyopangwa ameistahili: alitwaa shindano la Indian Wells, Marekani, mwezi Machi, na Queen's alifika nusu fainali huku akisumbuliwa na tezi za koo. Sevu yake ya mkono wa kushoto, ile inayokata kuelekea nje upande wa faida (nusu ya kushoto ya uwanja), inamtoa mpokeaji wa mkono wa kulia hadi karibu na viti vya watazamaji, na kwenye nyasi inaendelea kukimbia. Lakini hajawahi kuvuka raundi ya pili ya Wimbledon, na droo yake ni katili kuliko ya mtu yeyote kati ya walioko juu. Baada ya Sebastian Baez anaweza kukutana na Marin Čilić, mwanafainali wa 2017 ambaye mwezi huu ametwaa shindano la Nottingham la ngazi ya chini, kisha Bublik yuleyule wa Halle, na robo fainali Djokovic. Umati wa nyumbani husaidia seti inapokuwa 5-5. Hauwezi kumwondolea mtu Čilić na Bublik ndani ya wiki moja.

Upande wa pili wa droo, ule wa Alcaraz, una Alexander Zverev na Taylor Fritz, wanaoweza kukutana robo fainali. Ni vizuri kuwatazama pamoja kwa sababu mmoja anaeleza mwenzake. Zverev ni namba tatu duniani na hajawahi kufika robo fainali ya Wimbledon. Raundi ya nne ndiyo ukuta wake, 2017, 2021 na 2024. Watu hushangaa, kwa kuwa ana sevu ya kwanza kali sana. Chanzo ni kinachofuata baada ya sevu. Ana urefu wa sentimita 198, na mpira wa chini unamlazimu kuinama kila pigo. Pigo lake la mkono wa mbele lina mzunguko mrefu unaohitaji muda. Na anapopokea anasimama mita kadhaa nyuma ya mstari, jambo linalompa muda kwenye udongo lakini kwenye nyasi linafungua pembe mbili: sevu ya nje inamtoa kabisa uwanjani, na mpira mfupi unaanguka kabla hajafika. Seti inapobanwa, anarudi nyuma zaidi badala ya kusogea mbele.

Fritz ana mapungufu mengi kuliko Zverev ukichukua mwaka mzima, lakini kwenye nyasi anamzidi. Anasimama karibu na mstari, mapigo yake ni mafupi na yaliyonyooka, sevu yake ya pili haiogopi. Mwezi huu ametwaa Stuttgart akimfunga Zverev huyohuyo 6-3, 7-6 kwenye fainali, na jana ametwaa Eastbourne kwa mara ya nne. Amemshinda Zverev mara tano mfululizo, ikiwemo hapahapa mwaka jana akitokea nyuma seti mbili. Hofu yangu kwake ni mbili. Robo fainali zake zote mbili za Wimbledon, 2022 na 2024, alipoteza katika seti ya tano. Na raundi ya kwanza amepewa Giovanni Mpetshi Perricard, Mfaransa mwenye sevu inayoweza kumfanya mtu yeyote acheze taibreki nne, huku bingwa mpya wa shindano la 's-Hertogenbosch, Uholanzi, Gabriel Diallo, akiweza kumngoja raundi ya pili. Akivuka hao wawili, namweka nusu fainali.

Medvedev amefika nusu fainali mbili zilizopita na zote alitolewa na Alcaraz, kwa njia ileile: Alcaraz alimwona amesimama nyuma kabisa kupokea, akapiga sevu na kukimbilia wavuni. Bila kubadilisha mahali anaposimama, hatabadilisha matokeo. Lorenzo Musetti, aliyefika nusu fainali mwaka jana kwa mpira wake wa kukata, alijitoa Queen's kwa sababu ya paja lililoumia Paris, na hajacheza mechi yoyote ya nyasi. Ben Shelton ana sevu ya kumfikisha mbali, lakini urudishaji wake bado haujakomaa kwa kiwango hiki, na yuko robo moja na Sinner. Holger Rune simwoni.

Kwa watakaofuatilia kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa, viwanja vya nje vinaanza saa saba mchana kwa saa zetu, Uwanja Namba 1 saa tisa alasiri na Uwanja Mkuu saa tisa na nusu. Alcaraz ndiye anayeufungua Uwanja Mkuu kesho dhidi ya Fabio Fognini. Sinner, Djokovic na Draper watacheza Jumanne. Fainali ya Jumapili tarehe 13 Julai imesogezwa mbele na itaanza saa kumi na mbili jioni kwetu. Mwaka huu hakuna waamuzi wa mistari kwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanze 1877. Kompyuta ndiyo itakayoita kila mpira, kwa hiyo ule utaratibu wa mchezaji kupinga uamuzi nao umekwisha.

Unapotazama, hesabu gemu. Mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za kwanza, kisha kila baada ya tisa, kwa hiyo mipya huingia gemu ya 8, ya 17, ya 26. Mpira mpya una manyoya mafupi, unaruka kasi na unateleza zaidi. Anayeanzisha akiwa nao ana faida. Mwenye akili hujibana sana asivunjwe gemu ya mipira michakavu inayotangulia, kisha hutumia mipya kushambulia. Djokovic amekuwa bingwa wa hesabu hiyo miaka yote.

Kitu cha pili cha kuhesabu ni sevu ya pili. Ya kwanza ikiingia, karibu kila mmoja wa hawa huonekana mkali. Angalia mpokeaji amesimama wapi inapokuja ya pili. Akiwa ndani ya mstari na anaipiga inapoinuka, anayeanzisha yuko taabani hata kama matokeo bado ni 3-3. Kwa Alcaraz, sevu ya pili ya kuruka juu ndiyo iliyomtoa kwenye matatizo Paris. Kwenye nyasi hairuki vile, kwa hiyo itambidi aitumie zaidi ile ya kukata kuelekea mwilini. Sinner akiipata sevu hiyo ya pili kwenye kiuno, anaipiga ikiwa bado inapanda, na Alcaraz hatakuwa na muda wa kufanya ubunifu wake.

Nikiulizwa leo, namweka Alcaraz mbele, kwa sababu ndiye pekee mwenye miguu ya wiki ya kwanza na sevu ya wiki ya pili kwa pamoja. Ila pengo kati yake na Sinner nalipima kwa seti moja tu. Sinner akiivuka Jumatatu ya wiki ya pili akiwa mzima, nyuma ya uwanja pakiwa pamebaki udongo mtupu, fainali hiyo naipa kila mmoja nusu. Na ikiwa sevu ya kwanza ya Alcaraz itaingia chini ya mara sita katika kila kumi siku hiyo, kombe litakwenda Italia.